Barua ya wazi kwa wakuu wa mashirika ya anga za juu: msituandalie shangwe, tuonyesheni kazi

Waheshimiwa wakuu wa NASA ya Marekani, ESA ya Ulaya, CNSA ya China, ISRO ya India, JAXA ya Japani na mashirika mengine yote yenye vyombo vilivyotua, au vinavyojiandaa kutua, kwenye sayari nyingine,

Baada ya salamu, naomba niingie kwenye shabaha ya barua hii bila kuzunguka. Mimi si mhandisi wala mwanasayansi. Ni mmoja wa wale ambao ripoti zenu huwaita "umma": watu wanaohesabiwa chombo kinapokaribia Mirihi, kisha wakasahaulika wiki mbili baadaye. Naandika kuhusu shangwe yetu, maana naona mmeanza kuigeuza kuwa kitu cha kupikwa ofisini. Kuna muziki, kuna video za kompyuta zinazoonyesha chombo kikitua salama kabla hakijatua, kuna kauli zilizopigwa pasi za kusomwa iwapo mambo yatakwenda vizuri. Kwa chombo cha NASA cha Perseverance mlichukua majina karibu milioni 11 ya watu mkayachora kwenye vipande vidogo vya silikoni, yakasafiri hadi Mirihi. Sina ugomvi na majina. Ila hayo siyo yanayotukesheza.

Kinachotukesheza ni kwamba tunatazama jambo ambalo hata nyinyi hamjui litaishaje. Mkituondolea hilo, tunabaki kama watu wanaoonyeshwa marudio ya mechi ambayo magoli yake wameshayasoma.

Chukueni kutua kwa Curiosity, gari la NASA, mwezi Agosti 2012. Gari lenye uzito wa karibu kilo 900 liliingia kwenye hewa ya Mirihi kwa kasi ya takriban kilomita 20,000 kwa saa, likitakiwa kuwa limesimama ardhini baada ya dakika saba. Kwanza ngao ya joto, kisha parachuti, kisha injini za roketi, halafu lile ambalo wengi tulipolisikia tulidhani ni mzaha: mtambo unaoelea hewani ulishushe gari kwa kamba mpaka magurudumu yaguse udongo, kamba zikatwe, mtambo uruke ukajibwage mbali. Mawimbi ya redio yalihitaji karibu dakika 14 kufika Duniani. Maana yake, taarifa kwamba chombo kimegusa hewa ya Mirihi ilipofika, gari lilikuwa limeshatua au limeshavunjika, tena dakika saba zilizopita. Hakuna mtu katika chumba kile cha JPL, maabara ya NASA iliyoko California, aliyeweza kubonyeza chochote akaliokoa. Walikaa wakisoma namba kwenye skrini na kutafuna karanga, desturi yao tangu safari ya Ranger 7 kwenda Mwezini mwaka 1964. Walikuwa hawana uwezo wowote, sawasawa na sisi, na tuliona nyuso zao.

Watu walisimama Times Square, New York, usiku wa manane, wakitazama watu waliovaa fulana za buluu wanaotazama skrini. Fikirieni hilo kidogo. Hapakuwa na picha ya chombo, hapakuwa na moto wala kishindo. Palikuwa na mtu anayetaja kasi na kimo, na wenzake walioshikilia viti. Mhandisi mmoja, Bobak Ferdowsi, alikuwa amenyoa kiduku na kukipamba kwa nyota, na kufikia asubuhi alikuwa gumzo kote duniani. Hakuna ofisi ya mawasiliano inayoweza kupanga kitu kama hicho, na ikijaribu kitaharibika.

Kisha ikaja picha ya kwanza. Ndogo, nyeusi na nyeupe, imepigwa kupitia kifuniko cha lenzi kilichojaa vumbi. Unaona gurudumu pembeni, mawe madogo, na mstari wa upeo wa macho. Kwa kipimo cha picha tunazopiga kwa simu ilikuwa picha mbovu kabisa, na chumba kizima kikalipuka kwa vifijo, watu wazima wakakumbatiana wakilia. Mngetungojesha siku tatu mkatuletea picha safi yenye rangi, tungesema "nzuri" tukaendelea na shughuli zetu.

Ombi langu la kwanza, basi, ni hilo: kamera iwe ndani ya chumba cha kazi, iwashwe mapema, na isizimwe mambo yanapoharibika.

Najua hapo ndipo mnapokunja uso. Mtasema kwamba kushindwa mbele ya macho ya mamilioni kunawapa wanasiasa kisingizio cha kukata bajeti. Hofu hiyo naielewa. Fedha ni za walipa kodi na wabunge hawana subira. Lakini tazameni India. Najua Mwezi si sayari, ila somo ni lilelile. Septemba 2019 chombo cha Vikram cha safari ya Chandrayaan-2 kilipotea kikikaribia kutua, matangazo yakiwa hewani na waziri mkuu akiwa amekaa palepale. Dunia ikamwona mkuu wa ISRO akitokwa na machozi. Miaka minne baadaye, tarehe 23 Agosti 2023, Chandrayaan-3 ilipokuwa ikishuka, zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja tu ya mtandaoni ya shirika hilo. Sidhani kwamba watu hao walirudi kwa kuwa walikuwa wamesahau mwaka 2019. Waliijua hatari kwa sababu walishaiona, na ndiyo maana kila mita ya kushuka ilikuwa na uzito.

ESA nao wana mifano miwili, mmoja wa kukwepa na mmoja wa kuiga. Wa kukwepa ni Beagle 2, chombo kidogo cha Waingereza kilichosafiri na Mars Express, setilaiti ya ESA ya Mirihi, na kilichotakiwa kutua siku ya Krismasi mwaka 2003. Kikanyamaza. Tume ikaundwa, na mwaka 2004 umma ukapewa orodha ya mapendekezo tu, ripoti yenyewe ikafungiwa hadi mwaka 2005. Sisi tuliokuwa tukifuatilia tulibaki na minong'ono: waliharakisha, fedha hazikutosha, parachuti haikupimwa vya kutosha. Januari 2015 picha za setilaiti ya Marekani zikaonyesha kwamba chombo kilikuwa kimetua kikiwa kizima, ila vibao vyake vya jua havikufunguka vyote na vikaikalia antena. Colin Pillinger, profesa aliyekibeba mradi huo mabegani, alifariki Mei 2014, miezi michache kabla ya habari hiyo. Angejua kwamba walikaribia kiasi gani.

Wa kuiga ni Schiaparelli, Oktoba 2016. Chombo kilianguka Mirihi, na ESA wakaeleza. Kifaa cha kupima mizunguko ya chombo kilizidiwa kwa takriban sekunde moja baada ya parachuti kufunguka. Kompyuta ikaamini namba ilizopewa, ikapiga hesabu ya kimo, ikapata jibu kwamba chombo kiko chini ya usawa wa ardhi. Kwa akili ya mashine, safari ilikuwa imekwisha: ikaachia parachuti, ikawasha injini kwa sekunde tatu tu, ikaanza kuwasha vifaa vya kupima hali ya hewa ya ardhini. Wakati huo chombo kilikuwa bado kimo cha kilomita 3.7. Kiligonga ardhi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Muhtasari wa uchunguzi ulichapishwa mwaka 2017, na niliposoma maelezo yale nilielewa ugumu wa kutua kuliko nilivyowahi kuelewa kwa video zote za ushindi zikiunganishwa. Sekunde moja ya namba mbaya! Sijui mtu yeyote aliyewadharau ESA kwa kusema ukweli huo. Wanaodharaulika ni wanaotuambia "baadhi ya malengo yamefikiwa" na kuishia hapo.

Sasa nije kwenye picha, maana hapa ndipo pana utajiri wote.

Tangu magari ya Spirit na Opportunity yatue Mirihi Januari 2004, NASA wamekuwa wakiweka mtandaoni picha ghafi kadiri zinavyopokelewa: hazijasafishwa, hazijapakwa rangi, nyingine ni nusu picha. Mtu yeyote anazichukua bure. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa. Wapo watu wasio na cheo chochote, wenye kompyuta za kawaida, ambao kila jioni huunganisha picha hizo kuwa mandhari kamili, wakarekebisha rangi, wakapima vivuli. Mwaka uliofuata, chombo cha ESA cha Huygens kilipotua Titan, mwezi wa Zohali, tarehe 14 Januari 2005, picha ghafi ziliwekwa hadharani na watu wa namna hiyo wakawa wameshaunganisha mandhari ya kwanza usiku uleule.

Wasovieti walitua Mirihi kwa chombo cha Mars 3 Desemba 1971. Kilituma mawimbi kwa sekunde kama 20 kikakatika, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua hasa kiko wapi. Mwaka 2013 kundi la wapenda anga wa Urusi, likiongozwa na Vitali Yegorov, lilitangaza kwamba limeona kinachofanana na parachuti na vipande vya chombo hicho, baada ya kuchambua picha za HiRISE, kamera ya setilaiti ya Marekani inayozunguka Mirihi, ambazo zilikuwa wazi kwa kila mtu. Picha za Marekani, macho ya Warusi, chombo cha nchi ambayo haipo tena. Nikifikiria ni kitu gani hasa mnachokitaka mnaposema "kushirikisha umma", sioni mfano unaouzidi huo.

Hata mizaha yenu bora imekuja kwa njia hii. Parachuti ya Perseverance, Februari 2021, ilikuwa na vipande vyekundu na vyeupe vilivyopangwa ovyo ovyo. Mhandisi mmoja akadokeza kwenye mkutano na waandishi kwamba pengine kuna ujumbe. Ndani ya saa chache watu mtandaoni walikuwa wamegeuza rangi kuwa sifuri na moja, sifuri na moja kuwa herufi, wakasoma kaulimbiu ya JPL, na pembezoni wakakuta latitudo na longitudo za maabara hiyo. Hakuna aliyetangaza zawadi.

Kwa upande mwingine kuna habari ya Rosetta, chombo cha ESA. Mwaka 2014, chombo hicho kilipofika kwenye nyota yenye mkia ya 67P baada ya safari ya miaka kumi, picha bora kuliko zote, zile za kamera ya OSIRIS, zilizuiwa na timu iliyoitengeneza, na tukawa tunadondoshewa moja moja. Kanuni iliwaruhusu kukaa nazo miezi sita. Lazima niwe mkweli: hoja yao haikuwa ya uchoyo mtupu. Watu walikuwa wametumia nusu ya maisha yao ya kazi kwenye kamera ile, na wanafunzi wa uzamivu walihofia kwamba mtu mwingine angechukua picha na kuchapisha ugunduzi kabla yao. Lakini suluhisho lipo, na liko mbele ya macho yenu. Timu za magari ya Mirihi zimekuwa zikitoa picha ghafi kwa miaka zaidi ya ishirini, na bado ndizo zinazochapisha makala za kisayansi, kwa sababu picha peke yake si ugunduzi. Inahitaji vipimo, muktadha na mtu anayejua mwamba ule ulikaaje. Mlinde data za vipimo kwa miezi mnayotaka, lakini picha tupeni.

Na msiogope kukosea mbele yetu. Viking 1 ya NASA ilipotua Mirihi Julai 1976, picha ya kwanza ya rangi ilitolewa haraka na anga likaonekana la buluu, kama la nyumbani. Baadaye rangi zikarekebishwa, anga likageuka la vumbi lenye uwaridi. Wataalamu waliona haya kidogo, sisi tukajifunza kwamba rangi kwenye picha ya anga za mbali ni kitu cha kukokotolewa. Somo zuri kabisa, nasi tulilipata bure.

CNSA, ninawaheshimu sana. Kutua Mirihi katika safari yenu ya kwanza ya kutua huko, Mei 2021, ni kazi ambayo wengi walishindwa. Gari lenu la Zhurong lilifanya kazi kwa muda mrefu kuliko miezi mitatu iliyopangwa. Kisha Mei 2022 likaingizwa usingizini kukwepa majira ya baridi, likitarajiwa kuamka Desemba. Desemba ikaja, Januari ikaja, kimya. Tulichojua tulikijua Februari 2023 kutokana na setilaiti ya Wamarekani: picha zake zilionyesha kwamba gari halikuwa limesogea tangu Septemba. Mkuu wa usanifu wa safari hiyo, Zhang Rongqiao, alieleza Aprili kwamba pengine vumbi lilizidi kwenye vibao vya jua. Maelezo mazuri, ya kuaminika, na yangeweza kutolewa Januari. Watu waliolipenda gari lile, na walikuwa wengi, walistahili kuambiwa na mwenye gari.

Linganisheni na Opportunity. Dhoruba ya vumbi ilipoifunika Juni 2018, tuliambiwa hatua kwa hatua. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa namba: nishati ilikuwa imeshuka hadi wati-saa 22, wakati kwa kawaida ilikuwa ikipata mamia, na kipimo cha giza la vumbi kilikuwa 10.8, kiwango ambacho haikuwahi kukiona. Waliiita tena na tena kwa zaidi ya mara elfu moja, hadi tarehe 13 Februari 2019 walipotangaza kwamba imetosha. Gari lililopangiwa siku 90 za Mirihi lilikuwa limefanya kazi zaidi ya miaka 14 na kutembea kilomita 45. Watu walilia. Wengi walilia kwa sababu ya maneno yaliyosambaa mtandaoni, kwamba gari lilisema betri inakwisha na giza linaingia. Halikusema hivyo, ilikuwa tafsiri ya mwandishi wa habari ya zile namba mbili. Sina shida na mwandishi yule. Lakini ninyi wenyewe mnafungua akaunti ambamo mashine inasema "mimi nimechoka", "mimi nimefurahi", na hapo mnatudharau kidogo. Tupeni 22 na 10.8, mtueleze maana yake. Machozi tutayatoa wenyewe.

Kuna jambo la lugha pia, fupi. Mwaka 2021 NASA walitangaza kutua kwa Perseverance kwa Kihispania, kipindi kizima, mara ya kwanza kwa kutua kwenye sayari. Basi kumbe inawezekana. Ratiba ya matukio na maelezo ya kila hatua huwa yameandikwa wiki kadhaa kabla. Yatoeni mapema, kwa ruhusa ya kutafsiriwa. Watangazaji wa kujitolea hawakosekani katika lugha yoyote yenye wasikilizaji.

Mwisho, tuambieni mapema yale ambayo hamna uhakika nayo, hata yanayohusu fedha. Perseverance imekusanya miamba kwenye mirija, na kumi kati ya mirija hiyo imelazwa chini kama akiba mahali panapoitwa Three Forks. Kila mrija tuliushangilia kana kwamba uko njiani kurudi. Aprili 2024 NASA wakasema hadharani kwamba mpango wa kuileta Duniani ungeweza kufikia dola bilioni 11 na sampuli zisifike kabla ya mwaka 2040, na kwamba hilo halikubaliki. Habari chungu, lakini waliisema wao, kwa namba. Septemba 2025 wakatuambia kwamba mmoja wa miamba hiyo una alama ambazo huenda, narudia huenda, zilisababishwa na viumbe hai vya kale. Mwamba huo uko ndani ya gari, kwenye sayari nyingine, bila tiketi ya kurudi. Tunataka kujua kila mwaka uamuzi umefika wapi, hata kama jibu ni kwamba haujafika popote.

Gari la ESA la Rosalind Franklin, ambalo limeahirishwa mara kadhaa na kupoteza jukwaa lake la kutulia baada ya ushirikiano na Urusi kuvunjika mwaka 2022, linatarajiwa kurushwa 2028 na kutua Oxia Planum, uwanda wa Mirihi, mwaka 2030. Nawaomba wahusika waanze sasa. Chapisheni jedwali la kila ishara inayotarajiwa, saa kwa saa ya Duniani, na pembeni yake muandike: ishara hii ikikosekana, sababu zinaweza kuwa hizi, na tutasubiri muda huu kabla ya kuhofu. Kamera iwe chumbani tangu mwanzo hadi saa kadhaa baada ya matokeo, yawe yoyote yatakayokuwa. Picha ya kwanza ije kama ilivyo, na vumbi lake. Na msemaji wa siku hiyo awe mmoja wa waliotengeneza parachuti.

Ndimi,
Mtazamaji wenu